Treni Isiyosimama Chilonji

Jumapili, 3 Agosti 1969

Barua! Barua ya Melkizedeki! Ameileta stesheni masta mwenyewe, Ndugu Mughwai, na kofia yake na vifungo vyote vya shaba, siku ya Jumapili! Nimeisoma mara sita. Mara ya saba nimeisomea nje, kwa sauti, karibu na ua wa Dorkas.

Mwanangu amepewa injini. Si yote. Dereva ni mzee wa Kihindi, Bwana Kanti. Lakini moto ni wa Melki! Bila Melki maji hayachemki, na maji yasipochemka treni ni nyumba ndefu tu. Hilo la nyumba nimeliongeza mimi. Yeye ameandika kwamba ni mchochea moto wa majaribio, miezi sita, miwili imekwisha.

Kuanzia wiki hii atapita hapa Chilonji kila Jumatano na Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, na treni ya abiria iendayo Tabora. Atapita. Hatasimama. Treni ile ikitoka Manyoni inasimama Itigi, na sisi wa katikati inatuona kama kichuguu.

Mwisho ameandika: Mama, nakuomba sana usisogee karibu na reli. Anavyonipenda! Hataki nichafuke.

Miezi kumi na minne sijamtia machoni. Ninaandika haya kwenye daftari lake la hesabu la darasa la saba, kurasa alizobakiza. Hesabu zake zote zina alama ya vema. Mimi niliishia la nne kwa masista, lakini mwandiko wangu unazidi wa katibu wa kijiji, na katibu anajua.

Lazima aonje kuku wangu. Lazima kijiji kimwone. Nitaisimamisha hiyo treni.


Jumatatu, 4 Agosti

Nimekwenda stesheni na ugali wa uwele na bakuli la mlenda. Ndugu Mughwai hali mlenda mbele ya watu, kwa ajili ya vifungo. Lakini stesheni yetu haina watu. Ina chumba kimoja, benchi moja, saa ya ukutani na maua mawili anayoyamwagilia kwa maji aliyonawia uso. Treni ya mizigo husimama Jumanne kama kuna mwenye tikiti. Tangu Sabasaba amepanda mtu mmoja. Ameshuka mmoja pia, ila alikuwa amekosea stesheni. Alikaa kwenye benchi akalia.

Hata hivyo kila asubuhi Ndugu Mughwai anafagia jukwaa lote na kupiga kengele. Nilimuuliza anampigia nani. Akasema anapiga kwa sababu ni saa mbili. Kwa kweli nilipigwa na butwaa. Mtu na msaidizi mmoja porini, miaka kumi na moja, anatunza saa isiyo na mwenyewe!

Alipomaliza mlenda nikamweleza shida yangu. Jumatano ainue bendera nyekundu dakika moja tu, nimpe mwanangu chakula, aishushe. Ndugu Mughwai alisimama wima, mlenda kwenye kidevu. Akasema bendera nyekundu ni ya hatari: reli imekatika, ng'ombe kalala njiani, daraja limesombwa. Nikamuuliza, na mama kukaa miezi kumi na minne bila kumwona mwanawe, hiyo si hatari? Akasema kitabuni haimo. Akanifunulia kitabu. Kweli haimo.

Akaniambia na jambo lingine, nami sikulipenda. Mtu wa majaribio akikosea mara moja, mara moja tu, anavuliwa kofia na kurudi kulima. Nikamjibu kwamba Melki hajakosea tangu azaliwe. Hata kuzaliwa alizaliwa siku ile ile aliyoitaja mkunga.

Redio yake ilikuwa bado inaeleza wale watu wa mwezi uliopita. Wamefika mwezini, wakashuka, wakatembea, wakapanda tena! Na Chilonji treni haisimami.


Jumanne, 5 Agosti

Dorkas ameanza.

Huyu ni jirani yangu ua kwa ua. Mwanawe Gaspari anaendesha trekta la kijiji. Tangu trekta lije, mwezi wa tano, Dorkas hatembei, anaelea. Leo kisimani amewaambia wenzake kwamba injini ya Melki ni ya kwenye barua tu, na kwamba yeye amesikia Melki anafagia ghala Tabora. Halafu akanigeukia na meno yote nje: eti trekta la Gaspari linasimama hata kuku akivuka, je, hiyo treni ya mwenzangu inamsimamia nani?

Nimecheka. Nimecheka vizuri sana. Nimefika nyumbani nikavunja mwiko wa ugali.

Nimeamua. Mimi ni katibu wa akina mama wa Chilonji. Kesho akina mama wote stesheni, kwaya, majani, vigelegele. Dereva gani atapita mbele ya mapokezi kama hayo bila kusimama? Ni adabu tu.


Jumatano, 6 Agosti

Niandike kwa mpango.

Tulifika thelathini na mbili. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kuuliza kwa nini shamba la ujamaa halina mtu. Nikamwambia tunapokea mfanyakazi wa taifa. Akavua kofia, akakaa kwenye benchi. Tao la majani tulilisimamisha mwanzo wa jukwaa. Kwaya ikapanga mistari. Dorkas naye alikuja, amekunja mikono.

Kwanza reli zikaanza kuimba. Si sauti, ni uzi wa sauti, kama mbu aliye ndani ya chuma. Halafu ardhi. Niliisikia kwenye nyayo, ikapanda magotini. Maji kwenye ndoo ya Ndugu Mughwai yakafanya miviringo. Halafu moshi juu ya miti, halafu ikapiga honi, na wimbo wetu ukakatika katikati ya neno "karibu". Hakuna aliyeukata. Ulikatika wenyewe.

Sijawahi kusimama karibu namna ile. Magurudumu yananizidi kimo! Vile vyuma virefu vinakwenda mbele na nyuma kama mikono ya watu wanaotwanga, lakini watwangaji gani hao, Mungu wangu! Nikaona moto. Mwanangu anakaa na kitu kile, anakilisha, kinamtii. Mimi niliyemkataza kuchezea kiberiti!

Kisha ikapita. Tao likaondoka nalo. Kitambaa changu cha kichwa sasa hivi kiko Itigi. Tulibaki thelathini na mbili, weusi kama masufuria, midomo wazi.

Nimemwona? Nimeona mkono. Mkono mmoja mweusi umetoka kwenye injini, ukanyakua duara la fito alilokuwa ameinua msaidizi wa Ndugu Mughwai, mbadili njia anayegeuza reli. Mkono ule naujua! Nimeuosha miaka kumi!

Dorkas akasema ameona mkono kweli. Mikono ni mingi, akasema, hata ghala linafagiliwa kwa mkono.


Alhamisi, 7 Agosti

Nimerudi kwa Ndugu Mughwai. Leo maboga. Nimemuuliza lile duara ni la nini.

Amenionyesha. Ni fito imekunjwa kama ukingo wa ungo, ina mpini, na pale kwenye mpini kuna kibanio. Kibanioni wanabana karatasi, hati ya njia. Treni isiyosimama inainuliwa duara, mchochea moto anapitisha mkono ndani na kulinyakua, anatoa hati, anamsomea dereva kwa sauti. Ndugu Mughwai alieleza kwa muda mrefu na vidole vyote: reli ni moja, treni ni nyingi, hati inasema mbele hakuna mwingine mpaka Itigi, dereva asipokuwa nayo hasogei hata awe anaiona Itigi kwa macho. Mimi nilikuwa nalitazama duara. Nililoshika ni kwamba reli ni moja, na hilo nilikuwa nalijua.

Mchochea moto anapitisha mkono ndani! Mkono wa Melki! Na anayelishika upande wa chini ni mtu tu, mtu wa kawaida, mwenye mikono kama yangu!

Na sasa sikia bahati. Jana jioni nge amemuuma mbadili njia. Mkono umevimba kama boga. Jumamosi Ndugu Mughwai yuko peke yake: avute lile chuma la kushusha mkono wa ishara unaoruhusu treni ipite, na pia ainue duara. Chuma liko upande huu, duara upande ule. Nikamwambia mikono yangu miwili haina kazi Jumamosi.

Akakataa. Akakataa tena. Boga la pili akalikubali, mimi akanikataa.


Ijumaa, 8 Agosti

Mazoezi. Nimekata fito, nimekunja duara la kwangu, nimesimama njiani nyuma ya nyumba na duara juu. Baba Melki nimempandisha baiskeli. Yeye ni treni.

Baba Melki ni mtu wa maneno matatu kwa siku. Leo ametumia mawili mapema: kwa nini. Nikamweleza. Akapanda.

Mara ya kwanza alipita bila kunyoosha mkono. Mara ya pili alinyoosha akashika kanga yangu. Mara ya tatu alilinyakua safi kabisa, nikapiga kigelegele, akageuka kunitazama na kuingia na baiskeli yote kwenye ua wa minyaa wa Dorkas. Dorkas akatoka. Aliuliza kama treni yangu imeacha reli. Baba Melki, kutoka ndani ya minyaa, akatumia neno lake la tatu. Siliandiki.

Mara ya nne mpaka ya kumi na tisa hatukukosa hata moja. Na nani alikuwa amesimama njiani anatazama? Ndugu Mughwai! Ametazama kumi zote za mwisho, saa mkononi. Akasema mkono wangu hautikisiki. Akasema mbadili njia mwenyewe ilimchukua mwezi.

Akakubali! Kwa masharti. Nisimame alipochora. Nisiseme. Nisicheze. Nishike duara tu, na duara liwe kama atakavyonipa yeye. Nikaitikia yote. Akarudia kwamba miaka kumi na moja hajaandikiwa onyo. Nikamwambia asubiri, ataandikiwa sifa.

Kuku mwekundu nimemchinja jioni.


Jumamosi, 9 Agosti

Nimefanya! Nimefanya, na amekuja, na amesimama! Nianze mwanzo.

Saa tisa kamili nilikuwa kwenye mstari wa chokaa. Kanga mpya. Kijiji kizima nyuma ya jukwaa, Dorkas mbele yao na kapu la mayai, eti anakwenda kuuza shuleni. Saa tisa na dakika ishirini Ndugu Mughwai akanikabidhi duara kwa mikono miwili, kama padri. Hati ilikuwa kibanioni. Akaenda kwenye chuma chake.

Nilikuwa nimejiandaa. Kuku wa kuchoma na karanga, nimefunga kwenye kitambaa cheupe, nikakining'iniza chini ya duara kwa kamba ya mkonge. Hapo sikumkosea mtu, hakusema kitu kuhusu kamba. Na barua. Barua niliiandika usiku wa Ijumaa mara tatu. Sasa kibanio kina nafasi ya karatasi moja. Nilijaribu mbili. Zinateleza, upepo ungechukua zote.

Nikaitazama hati. Namba, mistari, Kiingereza. Hakuna hata "mpendwa". Nikafikiri vizuri, nisije nikasemwa sikufikiri: karatasi hii inamwambia Melki njia ya kwenda Itigi iko wazi. Lakini reli ni moja! Imetandikwa chini, haina pa kukunja, atapotelea wapi? Mtu hapotei njiani kwa kukosa karatasi, lakini mtu anaweza kupotea kwa kukosa neno la mama. Nikaitoa hati. Nikaibana barua yangu. Hati nikaifunga kwenye pindo la kanga isichafuke, nikiwaza kumpelekea Ndugu Mughwai baadaye kwa utaratibu.

Reli zikaanza kuimba.

Nikainua. Safari hii sikuogopa. Hapana, niliogopa, lakini mkono haukuogopa. Ikaja. Ikajaza dunia yote. Na pale juu, kwenye kidirisha cha injini, uso! Mweusi tii, macho mawili, na macho yale yakaniona. Yakafunguka namna alivyokuwa anayafungua akiamka utotoni. Mkono ukatoka. Sikuhisi duara likiondoka. Nilihisi vidole. Vidole vyake vimepita juu ya vyangu, muda wa kupepesa jicho, vya moto, vigumu kama pembe. Na mimi ndiye niliyevikata kucha.

Nilibaki nimeinua mkono mtupu. Mabehewa yanapita, upepo unanipiga, nalia, nacheka. Watu walikuwa wanapiga vigelegele. Hata Dorkas alikuwa ameacha mdomo wazi.

Halafu, kelele. Chuma juu ya chuma, kilio kirefu. Moshi chini ya magurudumu. Behewa la mwisho lilikuwa bado jukwaani. Treni ikasimama.

Treni imesimama Chilonji!

Nilimgeukia Dorkas. Nikautazama uso wake. Nimekaa na picha ile, nitakufa nayo.

Ndugu Mughwai alikuwa amekuwa rangi ya majivu. Akaniuliza hati. Kabla sijafungua kinywa, huyo Melki kaja anakimbia kando ya mabehewa, hatua mia tatu, kofia mkononi. Mwanangu! Mrefu! Mabega! Vichwa vimetoka kila dirisha. Akasimama mbele yangu anahema, akainama kidogo. Shikamoo mama, hati iko wapi.

Maneno ya kwanza baada ya miezi kumi na minne. Nikasema marahaba, umekula? Akasema mama, hati. Nikasema umekonda. Akasema mama, nakuomba, na hapo nikaona kofia ameikunja mpaka imekuwa kamba. Nikafungua pindo.

Kumbe alipolinyakua duara alichomoa karatasi na kuanza kumsomea Bwana Kanti kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Akasoma: "Mwanangu Melkizedeki, natumaini u mzima, sisi wazima isipokuwa mbuzi. Unakula? Karanga mpe na huyo mzee. Mkono uliokupa duara hili ni wangu." Mzee alidhani ni mzaha. Miwani yake ilikuwa kipajini, alishaona karatasi nyeupe, kwake ilitosha, aliongeza mwendo. Melki angeweza kunyamaza! Angeitia barua mfukoni, asijue mtu, majaribio yake yakaendelea. Badala yake akapiga kelele: hatuna njia! Simamisha!

Hayo aliyaeleza Bwana Kanti, ambaye naye aliteremka na kuja taratibu, miguu imepinda kidogo, kitambaa cheupe cha kuku wangu mkononi. Nikamwamkia. Akanitazama sana. Akasema miaka thelathini anapewa karatasi na kila stesheni, na hii ni ya kwanza kumuuliza kama amekula. Kisha akaomba nimwonyeshe kuku kaishia wapi na karanga zinaanzia wapi, kwa kuwa yeye hali nyama. Akachukua karanga. Akasema pia, kwa upole uleule, kwamba ataandika ripoti. Lazima aandike.

Dakika ishirini na mbili! Abiria wawili walishuka wakidhani ni Itigi. Dorkas aliuza mayai yote dirishani.

Melki alipanda injini bila kugeuka. Alikuwa na kazi.


Jumapili, 10 Agosti

Kanisani watu wamenipisha kiti. Nimesimulia mara nane. Mara ya nane treni ilisimama kabla hata sijainua duara.

Ndugu Mughwai hakuja. Nimepita stesheni na mlenda. Alikuwa anaandika. Meza imejaa karatasi alizokunja. Wakubwa wa Reli wanauliza kwa nini treni ya abiria ilisimama Chilonji, stesheni ambayo hakuna mtu. Hakugusa mlenda. Nikamuuliza itakuwaje kwa Melki. Akasema hajui. Akasema aliniambia: mara moja tu.

Nikamwambia lakini kosa si la Melki. Akasema duara lilikuwa mkononi mwa nani halijaandikwa kitabuni. Kitabuni kumeandikwa treni na mchochea moto wake.

Nimerudi nyumbani. Baba Melki hakuniuliza. Leo hakutumia neno hata moja.


Jumatano, 13 Agosti

Saa tisa na nusu nilikuwa mbali na reli, kwenye kilima cha mbuzi, kama alivyotaka kwenye barua. Ilikuja. Inatisha uzuri, hata kwa mbali, hata ukiwa na moyo mzito. Mkono ukatoka kuchukua duara.

Si wake. Mkono mfupi. Wa mtu mwingine.

Nimeshuka kilima sijui nimeshukaje. Kwa hiyo wamemvua kofia. Atarudi kulima. Mwanangu aliyelisha moto ule, atarudi kuamka kwa filimbi ya mwenyekiti, na ni mimi. Ni mimi na kuku wangu.

Jioni Dorkas ameingia. Nilingoja aseme. Amekaa chini, ameuvuta ungo wa mboga, amechambua yote mpaka jani la mwisho. Alipoondoka tu, mlangoni, akasema Gaspari naye wiki ya kwanza aligonga ghala la kijiji, na yeye Dorkas alisema ni upepo.

Sikujua. Miezi mitatu nausimulia upepo ule kwa kila mtu.


Jumatatu, 18 Agosti

Barua mbili! Ndugu Mughwai ameleta zote, kofia kichwani.

Ya kwanza ni yake. Onyo, la kwanza katika miaka kumi na moja. Amenisomea kwa sauti imara, akalikunja, akalitia mfuko wa ndani. Mle mle mna mstari unaosema stesheni ya Chilonji ionekane kuwa ina abiria wawili kwa wiki hiyo, walioshuka. Hapo sauti yake ilipanda kidogo. Amesema takwimu hiyo haijapata kutokea.

Ya pili ya Melki. Nimeifungua kwa meno.

Hakufukuzwa! Jumatano ile alikuwa ameitwa ofisini. Ripoti ya Bwana Kanti ilisema dereva mwenyewe angepita, na kwamba kijana aliisoma barua ya mama yake mzazi na bado akasimamisha treni. Mkubwa mmoja akauliza kama ni kweli. Melki akasema ni kweli. Wakamfutia majaribio hapo hapo, miezi minne kabla ya wakati! Sasa ni mchochea moto kamili. Jumatano hii anarudi njia yetu.

Nimelia kwenye kifungo cha Ndugu Mughwai. Baba Melki amesema neno. Amesema vizuri.

Nimelipigia jambo hili mahesabu tangu asubuhi. Bila barua yangu, angeonyeshaje kwamba yuko macho? Angekaa majaribio mpaka Desemba. Kwa hiyo aliyempandisha cheo ni nani? Sitaki kujisifu. Nimemwambia Dorkas tu, na mwenyekiti, na waliokuwepo kisimani.

Chini ya barua ameandika: Mama, kwa heshima zote na magoti yangu, nakusihi usishike tena kitu chochote cha Reli. Mtoto mwenye adabu! Anajali mikono yangu.


Jumatano, 20 Agosti

Leo amepita. Nilikuwa nyuma ya mstari mpya wa chokaa, hatua ishirini toka reli, amri ya wakubwa. Ndugu Mughwai ameniandikia pale kwa rangi nyeupe: MWISHO. Mahali pangu peke yangu, pameandikwa! Dorkas hana.

Sikushika kitu cha Reli. Hakuna mtu anayeshika tena. Wameleta mlingoti wa chuma, umesimikwa kando ya njia, na duara linatundikwa juu yake. Treni ikaja, ardhi ikaja nayo, na ule mkono, wenyewe, mrefu, ukatoka na kulichukua duara kwenye chuma kama mtu anachuma papai. Halafu ukarudi nje. Mtupu. Ukapunga! Mbele ya kijiji kizima! Nimesimama kwenye MWISHO wangu, nimeshindwa hata kupiga kigelegele. Kitu kikubwa hivyo, chenye moto na makelele yote, na ndani yake kuna mkono ulionitafuta mimi.

Ilipotoweka nilisogea kuutazama ule mlingoti. Kwa macho tu. Baadaye kwa kiganja, kuupima. Nikinyoosha mkono nafika juu.

Una ndoano mbili. Moja ya hati. Ya pili nilimuuliza Ndugu Mughwai ni ya nini. Akasema ya akiba, haina kazi, kisha akanitazama, akaanza kusema hapana, hapana, Mama Melki, hapana.

Lakini hakusema kitabuni imekatazwa.

Kuku wa madoadoa nimeshamfunga mguu. Karanga za Bwana Kanti nimezikaanga kando, sufuria safi, bila nyama. Na nimeanza barua. Safari hii ndefu.